Abdulrahman ni jina moja: soma hapa kabla hujajaza fomu ya mtoto

Jina Abdulrahman lina vipande vitatu. Abdu ni mja, mtumwa. Al ni ile alif na lamu ya kutambulisha. Rahman ni jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, na mzizi wake r-h-m ndio uliotupa neno letu "rehema". Sasa tazama al imekaa wapi: ni mali ya Rahman, wala si ya Abdu. Kiarabu huandika maneno mawili, na al hushikana na lile la pili. Kwa hiyo "Abdul" likisimama peke yake maana yake ni "mja wa", kisha kimya. Mja wa nani?

Waliopita madrasa wanaijua sura hii: mudhafu na mudhafu ilaihi, yaani kinachomilikiwa na mwenye kukimiliki. Ukitenganisha, unabaki na nusu mbili mbovu. Nusu ya pili ndiyo nzito zaidi, maana kumwita mtu "Rahman" ni kumvika jina ambalo wanazuoni wanasema halifai kwa yeyote isipokuwa Allah. Ukitaka kufupisha nyumbani, Abdu inatosha, na Abdallah tumezoea kumwita Dula. Hayo hayana ubaya.

Tahajia ndiyo inayowatatiza wengi. Herufi za Kiarabu ni 28, na 14 kati yake huitwa herufi za jua: zikifuata al, sauti ya l humezwa na herufi yenyewe hukazwa. Ndiyo maana unasikia Abdurrahman, Abdussalam, Abdushakur, lakini Abdulkarim na Abdulaziz zinabaki na l yao. Mwandishi wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 anaandikwa Abdulrazak, ingawa msomaji wa Kiarabu atatamka Abdurrazaq. Njia zote mbili ni sahihi: moja inafuata maandishi, nyingine inafuata sauti.

Irabu ya katikati nayo hubadilika. Neno abdu huwa abda au abdi kulingana na nafasi yake katika sentensi, na baada ya "bin" huwa abdi. Kwa hiyo mshairi wa Mombasa Abdilatif Abdalla hajakosewa jina. Ni Abdu na al-Latif, Mpole, kwa irabu nyingine.

Muundo huu ni wa kale kuliko Uislamu. Waarabu wa Makka waliitana Abdu Shams, mja wa jua, na Abdul-Uzza, mja wa sanamu la Uzza. Hilo la pili ndilo lililokuwa jina halisi la Abu Lahab, ami yake Mtume aliyempinga. Mtume alibadilisha majina ya namna hiyo kwa masahaba wake, akasema yanayopendwa zaidi na Allah ni Abdullah na Abdurrahman. Abdulmuttalib ni kisa cha peke yake, kwani al-Muttalib hakuwa mungu wala sanamu, alikuwa ami. Abdulmuttalib ndiye babu yake Mtume, na jina lake halisi lilikuwa Shaiba. Ami yake huyo, al-Muttalib, alipomleta Makka kutoka Yathrib (Madina ya leo) akiwa kijana, watu wakadhani ni mtumwa aliyenunuliwa, wakamwita mja wa al-Muttalib, na jina likaganda.

Basi tuje kwenye fomu. Kwa utaratibu wetu wa majina matatu (la mtoto, la baba, la babu), andika Abdulrahman kama neno moja ndani ya kisanduku cha kwanza. Ukiandika "Abdul Rahman Salim Juma", karani anaweza kuingiza Abdul kama jina la kwanza, Rahman la kati, na babu akatupwa nje. Kistari hakikuokoi: kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, kistari hugeuzwa alama ya < sawa kabisa na nafasi, nawe unarudi kuwa ABDUL<RAHMAN.

Chagua tahajia moja, iandike kwenye karatasi, na uende nayo. Jina la baba linakili herufi kwa herufi kutoka kitambulisho chake, hata kama huipendi tahajia hiyo. Kama limekosewa, mrekebishieni baba kwanza. Soma cheti cha kuzaliwa ukiwa bado dirishani. Hesabu l na r, tazama kama kuna nafasi iliyojipenyeza kati ya Abdul na Rahman. Kosa hilo leo linasahihishwa kwa cheti kimoja. Likikaa hadi kidato cha nne litakuwa limeingia kwenye vyeti vya shule, kitambulisho na pasipoti, na kila ofisi itadai hati ya kiapo kwamba Abdul Rahman na Abdulrahman ni mtu mmoja.