Maltitulu ya bei chee au ya bei mbaya? Soma kabla hujaenda dukani na advansi ya mteja

Jana dogo mmoja pale bandani kwetu Ngamiani, Tanga, kaja na maltitulu mpya, ile mashine ndogo ya mkononi inayokata kwa kutikisa bledi kushoto kulia, boksi bado lina nailoni, kaichukua kwa laki na chenji, na kabla hata ya chai kaifunga bledi iliyokuja nayo, kaweka spidi sita, kaikandamiza kwenye ubao wa mninga utadhani anakanda unga wa chapati. Dakika tano tu bledi nyeusi tii, moshi umetanda, mama ntilie wa jirani anauliza nani kaunguza maharage. Afu ananigeukia, "Bro, hizi za bei rahisi feki, niirudishe nijichange nichukue ya Kijerumani?"

Nilicheka, afu nikanyamaza, maana huyo dogo ndo mie wa miaka kumi nyuma, tofauti ni ndevu tu. Na si yeye peke yake, kila mwaka anakuja mwingine na swali lile lile na bledi nyeusi ile ile. Sasa naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii.

1. Bledi kwanza, mashine baadaye.

Mashine ya laki na bledi nzuri inaishinda mashine ya laki saba na bledi ya mabaki, hilo halina mjadala kwangu. Zile bledi za bure kwenye boksi mara nyingi ni chuma cha kawaida, zile zilizoandikwa HCS, kazi yake mbao laini na plastiki, basi. Penye msumari weka baimeto, zile za vyuma viwili vilivyounganishwa. Penye skrubu ngumu kabaidi, zile za meno magumu kuliko chuma. Grauti ya marumaru, ile inayojazwa kwenye maungio, ina bledi yake ya nusu duara yenye chenga chenga, usiende na meno pale, yataisha kabla hujamaliza mstari mmoja.

Na mbao zetu hizi zina ukorofi wake. Msaji wa Longuza, msitu wa kule Muheza, unauona mlaini, una mafuta mafuta, kumbe ndani una silika, kitu cha ukoo wa mchanga, unakula meno ya bledi taratibu huku wewe unalaumu duka. Mvule nao unakuwaga na jiwe, mawe kabisa ya chokaa yaliyojitengeneza ndani ya mti, aliyewahi kupasua mvule anajua ule mlio. Kwa hiyo ukikata hivyo vitu shusha spidi, usikandamize, tembeza bledi kushoto kulia ili unga utoke, ikianza kunuka pumzika. Joto ndo linaua meno, siyo ubao.

2. Ujue hela yako inakwenda wapi.

Zote ndani ni kitu kimoja, mota inazunguka, kuna beringi imekaa upande upande, inaupiga uma, uma unatikisa shingo kushoto kulia mpaka mara elfu ishirini kwa dakika. Bledi yenyewe hamna kuzunguka. Ndo maana hospitali wanakata hogo, ile plasta ngumu ya mtu aliyevunjika, na mashine ya ukoo huu huu na ngozi inabaki salama, hogo ni gumu linakatika, ngozi inacheza nayo tu. Fein, hao Wajerumani mnaowasikia, walitoa msumeno wao wa kukatia hogo mwaka 1967, huko ndo maltitulu ilikopitia, na walijilia peke yao mpaka hati miliki ilipokwisha 2008, kuanzia hapo kila kiwanda kikaingia na bei zikashuka mpaka leo dogo anaipata kwa laki. (Msijaribu hiyo ya ngozi na bledi ya mbao. Kuna mtu bandani alijaribu. Ana vidole vyote ila kimoja kina adabu sana sasa hivi.)

Tofauti sasa. Ya bei chee mara nyingi wati 300 hivi, inatikisika nyuzi tatu za pembe hivi. Ya bei mbaya unakuta wati 400 na zaidi, nyuzi nne, unaona ni nyuzi moja tu lakini mara elfu ishirini kila dakika, piga hesabu mwenyewe bledi imetembea kiasi gani. Afu ile ya bei ukiipa mzigo haishuki spidi, ya bei chee inalegea, nawe unakandamiza, inalegea zaidi, unakandamiza zaidi, tumerudi kwenye moshi wa maharage. Na mtetemo. Ya bei mbaya mtetemo unabaki kule mbele kwenye bledi, ya bei chee unagawana nayo, ukishinda nayo kutwa jioni hata kikombe cha kahawa unakishika kwa mikono miwili.

3. Angalia shingo, yani pale bledi inapokaa.

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa pananiuma.

Kipindi hicho nilicheza upatu, zamu yangu ikafika, kuna jamaa karudi kutoka Ulaya anauza vifaa vyake, kati yake maltitulu ya maana, jina la kampuni nalihifadhi maana kosa lilikuwa la kwangu siyo lao. Karibu hela yote ya upatu ikaishia pale. Nyumbani nilisema nimenunua "kifaa cha kazi" nikaishia hapo. Wiki mbili nzima bandani mie ndo habari ya mjini, naifungua boksi nawaonyesha watu, naifunga, wengine hata kugusa siwaruhusu.

Ikaja kazi kwa bibi mmoja Chumbageni. Nyumba ya zamani, anaweka marumaru juu ya sakafu ya saruji, kwa hiyo sakafu inapanda, fremu zote za milango zinatakiwa kukatwa chini ili marumaru iingie kwa ndani. Fremu za mvule, mzee wake aliziweka mwenyewe enzi hizo, zimepakwa vanishi mpaka zinang'aa kama viatu vya askari. Nikamwambia bibi usiwe na wasi, nina mashine hapa, Mjerumani, itapita kama kisu kwenye papai. Nilimwambia hivyo hivyo, na fundi marumaru yupo anasikia.

Fremu ya kwanza vizuri. Ya pili katikati nikasikia "krrr", jiwe, au msumari wa kale, mpaka leo sijui. Nachomoa bledi, meno yote chali. Na ndo ilikuwa bledi peke yake, maana ile mashine ilikuja na bledi moja nami sikuuliza. Si nikapanda bodaboda nikashuka mjini, duka la kwanza, la pili, la tano, bledi zipo tele lakini zote zile bapa zenye mdomo wazi, za mashine za kawaida. Mashine yangu ilikuwa ya shingo ya Starlock, ule mfumo ambao Bosch na Fein waliuleta 2016, bledi yake imebonyea katikati kama kisahani, inakaa juu ya nyota yake. Bledi ya Starlock ya kawaida unaweza kuifunga kwenye mashine nyingi za kizamani, lakini bledi bapa ya kizamani kwenye shingo ya Starlock haikai. Nilikuwa sijui. Mwenye duka mmoja akaniambia agiza Dar, zinakuja na basi kesho. Kesho! Fundi marumaru ananisubiri, bibi ananisubiri, na maneno ya papai nilishayasema.

Nikanunua bledi bapa. Na washa mbili, zile pete za bati za kwenye bolti.

Mnaona kinachokuja. Mie nilikuwa nakiona pia, hiyo ndo inayonikera, mkono ulikuwa unajua. Nimeweka washa chini, bledi, washa juu, nimekaza na alenki mpaka alenki inapinda, nikaitikisa kwa mkono, ikakaa. Nikajisemea fremu moja na nusu tu, itavumilia. Nikawasha. Sekunde za mwanzo safi kabisa, unga unatoka. Afu mlio ukabadilika, ukawa kama nzi ndani ya kopo, bledi inapata moto, inaserereka kwenye washa, nami badala ya kuzima nikafanya nini? Nikakandamiza. Bledi ikageuka ndani ya mkato ikapanda juu, ikatoka usoni mwa fremu, ikachora ngazi, kweli ngazi, vidato vitatu, kila kidato kimeungua pembeni, kwenye ule mvule unaong'aa, upande wa sebuleni, pale ambapo kila mgeni akiingia ndo anapotazama.

Nikazima. Kimya. Bibi alikuwa kasimama nyuma yangu na bilauri ya maji aliyoniletea. Akaangalia fremu, akaangalia mashine, akasema taratibu, "Mwanangu, na hilo ndo papai?"

Sikuwa na jibu, nilipokea maji nikanywa.

Nilipofungua shingo, vile vipembe vya nyota vimesagika vimekuwa duara. Hata ningepata bledi sahihi kesho yake isingekaa tena. Hela ya upatu ilikwenda na washa mbili. Kwa bibi nilikata kipande cha chini cha fremu nikaunga mvule mwingine, siku tatu bila malipo, na mvule mpya na wa zamani rangi haziongei, unapaka rangi ya mbao, unapaka vanishi, mwanga wa asubuhi ukiingia unauona mpaka kesho. Kanisamehe, ananipa kazi mpaka leo, lakini akipiga simu, nikishamaliza shikamoo tu ananijibu "Marahaba, njoo unitengenezee kabati, ila Mjerumani mwache kwenu."

Kwa hiyo kabla hujalipa, iwe ya laki au ya laki saba, uliza bledi zake zinapatikana mji huu huu leo au mpaka zipande basi. Na hata ndani ya Starlock kuna madaraja, za Plus na Max hazikai kwenye mashine ya Starlock ya kawaida, kwa hiyo nenda na mashine yako dukani, usiende na picha.

4. Umeme.

Soma kibati. Mashine za mtumba toka Marekani ni volti 120, ukichomeka huku kwenye 230 unapata fataki. Kila mwaka tunapata fataki moja bandani.

5. Kama una drili ya betri ya 18V tayari, angalia kwanza kampuni hiyo hiyo kama inauza maltitulu bodi tupu, betri unazo, utaokoa hela nyingi.

6. Sasa nani anunue ipi.

Unafunga vitasa, unatoboa jipsam kuweka soketi, unakata sketing mara mbili kwa mwezi, chukua ya laki, hela inayobaki nunua bledi za baimeto, na hakikisha kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, unaweza kuzibadilisha bila kupasua mashine, nyingine wamezifungia ndani kabisa ikiisha kaboni nayo kwaheri. Nina moja ya hivyo mwaka wa nne huu, ina sura mbaya, inapiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini haijanidai kitu. Ila kama kazi yako ni kukata fremu na kukwangua grauti kutwa, siku sita kwa wiki, jichange ununue ya maana, siyo kwa sifa, kwa ajili ya mikono yako na kwa sababu mteja anayekuona umesimama kungoja mashine ipoe anaanza kuhesabu pumziko zako. Mie nilianza na ya maana nikiwa sina kazi ya maana, ndo ujinga wenyewe.

Dogo wa jana hakurudisha. Nilimpa baimeto yangu iliyotumika nusu, nikamwambia spidi tatu, mkono mwepesi, ubao ule ule, mashine ile ile. Ikapita. Akaigeuza geuza ile mashine kama kapewa nyingine.

7. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha pua na ngozi, hilo sielezi zaidi.

8. Vifaa vya kuazima vinarudi siku hiyo hiyo. Dogo, najua unasoma, alenki yangu uliondoka nayo jana mfukoni, ilete kabla ya saa mbili, nina kabati la bibi leo.