Kiharusi kilinipata nikiwa mzazi, sasa naambiwa ninadeka

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina miaka 29. Mwaka jana, wiki ya pili baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, nilishikwa na maumivu makali ya kichwa, kisha mkono na mguu wa kulia vikalegea na maneno yakawa hayatoki. Hospitalini walisema ni kiharusi kilichosababishwa na presha. Sasa ninatembea, ninaongea, hata uzi ninautia kwenye sindano, lakini nikishona gauni moja tu nguvu zinaniishia na inanibidi nilale. Mama mkwe anasema ninadeka, kwani huo ni ugonjwa wa wazee na mimi nimeshapona. Je, ni uvivu? Na mume wangu anatamani mtoto mwingine, inawezekana?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na hudeki hata kidogo. Uchovu huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na huwapata hata watu ambao kiharusi chao kilikuwa chepesi. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na sehemu zilizobaki hulazimika kujifunza upya kazi ulizokuwa ukizifanya bila kuzifikiria, kama vile kufuata mshono, kukanyaga pedali na wakati huohuo kumsikiliza mteja anayeeleza kola anayoitaka. Aliyebaki na mkono uliokunjamana huonewa huruma, ilhali wewe uliyesimama tena huna cha kuonyesha, na nyumba inakutarajia upike, ulee na utafute riziki kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo naliona ni mzigo mzito kuliko ule mguu uliolegea.

Kata kitambaa leo, unganisha kesho, na upumzike kabla hujazidiwa. Mweleze daktari wako kuhusu uchovu huu, kwa kuwa upungufu wa damu, usingizi mbovu na sonona huuongeza, na yote hayo yana tiba. Mazoezi ya tiba ya viungo, ambayo hapo Moshi yanapatikana katika hospitali ya KCMC, usiyaache kwa sababu tu unatembea. Siku ya kliniki mwombe mama mkwe akusindikize, maana maelezo haya akiyasikia kwa daktari atayapokea vizuri zaidi.

Ni kweli kwamba kiharusi huwapata zaidi wazee, lakini wiki sita za kwanza baada ya uzazi ni kipindi cha hatari kwa mwanamke wa umri wowote, hasa presha yake inapopanda.

Kuhusu mtoto, wanawake wengi waliopata kiharusi wamezaa tena salama, ila mimba hiyo lazima ipangwe. Presha itulie kwanza, na dawa zikaguliwe kabla hujashika mimba, kwa sababu baadhi yake, kama enalapril na losartan, humdhuru mtoto tumboni. Hata hivyo, usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Kwa sasa epuka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kitanzi cha shaba hakina homoni, nawe unaweza kukiulizia. Nendeni wewe na mumeo, mkiwa na kadi ya kliniki ya ujauzito uliopita, kwani vipimo vya presha vilivyoandikwa humo vitamsaidia sana daktari.