Kuhamia kikoa kipya bila kupoteza nafasi kwenye Google

SWALI: Ninatunza tovuti ya kampuni ndogo ya kutembeza wageni hapa Tanga, inayowapeleka kwenye mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, msitu wa Amani na Pangani. Tovuti imejengwa kwa WordPress, ina kurasa zipatazo 150, zote za Kiingereza, na wageni wengi hutupata kupitia Google. Kampuni imebadilisha jina, hivyo mmiliki anataka tuhamie kikoa kipya (yaani jina la anwani ya tovuti) kinachoishia na .co.tz, tubadilishe mwonekano na tuongeze kurasa za Kiswahili, yote kwa wakati mmoja. Fundi mmoja ameniambia nielekeze kikoa chote cha zamani kwenye ukurasa wa mwanzo wa kile kipya, basi. Je, hatutapoteza nafasi zetu? Na kikoa cha zamani tukiache lini? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa fundi huyo usiufuate. Injini ya utafutaji kwa sehemu kubwa hupanga ukurasa mmoja mmoja, na sifa ambazo ukurasa umejikusanyia kwa miaka, hasa viungo vilivyowekwa na tovuti za watu wengine, zimefungamana na anwani yake kamili. Mtu aliyeko Hamburg anayetafuta safari ya Amboni huonyeshwa ukurasa wenu wa Amboni kwa kuwa ndio unaojibu alichouliza. Akiubonyeza akajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo wenye picha ya ufukwe na maneno ya kukaribisha, atakuwa kama mteja aliyeuliza bei ya changu akaonyeshwa lango la soko. Google nayo hulitambua jambo hilo: ikikuta anwani nyingi zisizohusiana zimeelekezwa mahali pamoja, huweza kuzihesabu kurasa za zamani kuwa hazipo tena, na sifa zake hazimfikii mrithi yeyote.

Kila ukurasa wa zamani, basi, unahitaji mrithi wake mwenyewe. Kazi hii itakuwa nyepesi kuliko unavyodhani iwapo utakubali jambo moja, nalo ni kutogusa njia zinazofuata baada ya jina la kikoa. Ukurasa uliokuwa /amboni-caves-tour/ kwenye kikoa cha zamani uendelee kuwa /amboni-caves-tour/ kwenye kikoa kipya. Watu wengi wanaohama hushikwa na hamu ya kusafisha anwani zote siku hiyo hiyo, na ndipo sheria moja inapogeuka kuwa sheria 150, kila moja ikiwa na nafasi yake ya kukosewa herufi.

Hapa linaingia suala la Kiswahili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote uliyoyataja. Najua mmiliki angependa Kiswahili kikae mbele, na kwa moyo nakubaliana naye. Lakini ukurasa wa Kiingereza wa zamani ukielekezwa kwenye ukurasa wa Kiswahili, mgeni aliyeuliza kwa Kiingereza atapewa asichoweza kukisoma, na Google itauona ukurasa huo kuwa jibu la swali jingine. Waachieni Waingereza na Wajerumani kurasa zao pale zilipo, na kurasa za Kiswahili mziweke ndani ya njia yake, kwa mfano /sw/mapango-ya-amboni/. Hizo ni kurasa mpya. Hazina cha kurithi, wala hazihitaji kuelekezewa chochote. Kinachohitajika ni lebo ya hreflang inayoutambulisha kila ukurasa kwa mwenzake wa lugha ya pili, tena pande zote mbili, kwa sababu lebo inayotoka upande mmoja tu hupuuzwa. Msiweke utaratibu wa kumpeleka mtu kwenye lugha fulani kulingana na nchi aliyopo, kwani roboti ya Google (programu inayozisoma tovuti) hutembelea tovuti nyingi ikitokea Marekani, na huenda isizione kabisa kurasa zenu za Kiswahili.

Hata kama njia hazibadiliki, andaa lahajedwali lenye anwani zote za zamani upande mmoja na mrithi wa kila moja upande wa pili. Usiitegemee menyu ya tovuti peke yake. Ichukue ramani ya tovuti (faili inayoorodhesha kurasa zake), chukua orodha ya kurasa kutoka Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ambayo hutunza takwimu za utafutaji za miezi 16, kisha pitia kumbukumbu za seva, zinazoonyesha anwani zilizoombwa. Humo utakuta anwani ambazo hakuna anayezikumbuka ofisini: faili ya PDF ya bei za msimu uliopita, ukurasa wa Tongoni uliochapishwa mara mbili, safari mliyoacha kuiuza. Palipo na mrithi wa kweli, mwandike. Pasipo na mrithi, iache seva ijibu 404 au 410, namba zinazosema ukurasa haupo. Ni jibu la haki, nalo haliziharibu kurasa nyingine.

Sasa uelekezaji wenyewe. Seva ina namba kadhaa za kusema kwamba ukurasa umehama, na mbili ndizo zinazochanganywa sana. Namba 301 husema umehama moja kwa moja, ilhali 302 husema umehama kwa muda na huenda ukarudi. Kwa uhamisho wenu ni 301 (308 pia hukubalika), kwa sababu hiyo ndiyo inayoiambia Google kwa nguvu kwamba anwani mpya ndiyo ya kuorodheshwa. Ile hofu kwamba kila uelekezaji hupunguza sifa za ukurasa imepitwa na wakati. Google ilieleza mwaka 2016 kwamba uelekezaji wa namba hizi hauzipunguzi tena. Jambo la kuangalia ni kwamba vivinjari hulihifadhi jibu la 301. Ukikosea, aliyelipata kosa hilo anaweza kuendelea nalo hata baada ya wewe kurekebisha, na kwa sababu hiyo ninapendelea majaribio yafanywe kwa 302, kisha namba ibadilishwe baada ya kuhakikisha kila kitu kinafika kinapotakiwa.

Kama kikoa cha zamani kipo kwenye seva inayotumia programu ya Apache, kama ilivyo kwa huduma nyingi za bei nafuu, faili ya .htaccess, inayobeba maagizo kwa seva, inaweza kuwa fupi hivi:

Redirect 301 /tongoni-ruins-2/ https://jina-jipya.co.tz/tongoni-ruins/
Redirect 301 / https://jina-jipya.co.tz/

Mstari wa pili huchukua njia yoyote na kuibandika nyuma ya kikoa kipya kama ilivyo. Mstari wa kwanza ni kwa ajili ya ukurasa uliobadilishiwa mrithi, na ni lazima utangulie, kwa sababu Apache huzisoma amri hizi kutoka juu na kuitumia ya kwanza inayolingana. Ukizipindua, ule wa jumla utameza kila kitu. Jihadhari pia na kosa linalowapata wengi wenye cPanel, ile programu ya kusimamia tovuti kwenye seva: kikoa kipya kikiongezwa kama jina la pili la folda ile ile, vikoa vyote viwili vitasoma .htaccess moja, na kikoa kipya kitajielekeza chenyewe bila mwisho hadi kivinjari kikate tamaa. Kila kikoa kipewe folda yake, na katika ile ya zamani ibaki .htaccess pekee bila WordPress.

Kwenye dirisha la amri la kompyuta, jaribu kwa amri ya curl -I, inayoonyesha jibu la seva, ikifuatiwa na anwani ya zamani. Mstari wa kwanza wa jibu unatakiwa kuonyesha 301, na mstari wa Location uonyeshe anwani ya mwisho kabisa. Fanya hivyo kwa http na https, pamoja na www na bila www, kwa kuwa hapo ndipo mlolongo unapozaliwa: http kwenda https, kisha www kuondolewa, kisha kikoa kipya, kisha mkwaju (/) wa mwisho kuongezwa. Roboti ya Google hufuata hadi hatua 10, lakini mgeni mwenye mtandao dhaifu huzisubiri zote, hivyo lenga hatua moja. Na cheti cha usalama cha kikoa cha zamani kiendelee kuwa hai, kwani kivinjari hukikagua kabla ya kufikia uelekezaji. Kikiisha muda, mgeni ataona onyo la hatari na ataondoka.

Kwenye tovuti mpya kuna vizuizi vinavyosahaulika. WordPress ina kisanduku kinachozuia injini za utafutaji, ambacho mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi na mara nyingi hubaki hivyo hivyo baada ya uzinduzi. Kagua pia kwamba lebo za canonical (zinazoitajia Google anwani rasmi ya ukurasa) na viungo vya ndani havitaji tena kikoa cha zamani. Kwa upande wa kikoa cha zamani, usikifungie kwa robots.txt, faili inayoziambia roboti zisiingie wapi, maana roboti isiyoruhusiwa kuingia haiwezi kuuona uelekezaji ulioweka.

Kuhusu mwonekano, ningemwomba mmiliki asubiri. Mkibadilisha kikoa, muundo na maneno ya kurasa kwa pamoja, na nafasi zikashuka, hamtajua kilichozishusha. Hameni kwanza na tovuti kama ilivyo. Mwonekano mpya ufuate baada ya miezi kadhaa. Wakati mzuri wa kuhama kwa biashara yenu ni masika, kati ya Machi na Mei, ambapo wageni ni wachache na mtikisiko wa wiki chache hautaumiza sana.

Siku ya kuhama, vithibitishe vikoa vyote viwili kwenye Search Console, wasilisha ramani mpya ya tovuti, na tumia zana ya kubadilisha anwani iliyomo humo; Google huendelea kuutilia maanani uhamisho huo kwa siku 180. Rekebisheni pia kiungo kwenye wasifu wenu wa Google na kwenye tovuti za uhifadhi, na waandikieni wenye blogu waliowataja. Kwa tovuti ya ukubwa wenu, kurasa nyingi huhama ndani ya wiki chache, na katika kipindi hicho nafasi hupanda na kushuka. Kinachotakiwa kukushtua ni kurasa za zamani kupotea bila mpya kutokea mahali pake. Hapo rudi kwenye lahajedwali na curl.

Swali lako la mwisho: kikoa cha zamani msikiache mapema. Google hushauri uelekezaji udumu kwa kadiri inavyowezekana, kwa kawaida si chini ya mwaka 1, na ninyi mna sababu nyingine za kuongeza muda. Kikiachwa, mtu yeyote anaweza kukisajili na kupokea wageni wenu pamoja na barua pepe zao, kwani wateja wa zamani wataendelea kuandika kwenye anwani wanayoijua. Rekodi za barua pepe za kikoa hicho zisiguswe. Na ikiwa mnapokea malipo ya simu kupitia tovuti, badilisheni ninyi wenyewe, kwa mtoa huduma wa malipo, anwani inayopokea taarifa za miamala: taarifa hizo hutumwa kwa njia ya POST (ombi linalobeba data), ambayo ikipita kwenye 301 huweza kugeuzwa kuwa GET (ombi la kusoma ukurasa tu) na kufika bila yaliyomo, kisha mgeni aliyelipa akasomeka kuwa hajalipa.