Usianze na karatasi la fomula: ushauri kwa anayeingia kozi ya mitawanyo na takwimu za kihisabati

Mdogo wangu unayeanza kozi ya mitawanyo ya uwezekano na takwimu za kihisabati semista hii, kitu cha kwanza utakachopewa na waliokutangulia ni karatasi lenye jedwali: jina la mtawanyo (namna uwezekano unavyogawanyika kwa namba mbalimbali), fomula yake, wastani wake, variansi yake (kipimo cha namba zinavyotapanyika kuzunguka wastani). Watakwambia ukariri hilo umemaliza. Lipokee, shukuru, liweke ndani ya daftari. Nimeisoma kozi hii, na kwa muda sasa naongoza semina zake, na wanaokwama mbele ya macho yangu mara nyingi fomula zote wanazo kichwani. Wape swali la maneno matupu, lisilotaja binomia wala Poisson, uone kalamu inavyosimama.

Kila mtawanyo una kisa cha namna namba zilivyopatikana, na kisa ndicho cha kusoma kwanza. Binomia, inayohesabu mafanikio katika majaribio kadhaa, inataka idadi ya majaribio ijulikane mapema, kila jaribio liwe na majibu mawili tu, uwezekano usibadilike, na jaribio moja lisiliathiri jingine. Vunja sharti moja tu uone kinachotokea. Ukiacha kuhesabu mafanikio na kuuliza utajaribu mara ngapi mpaka upate la kwanza, umehamia kwenye mtawanyo wa kijiometri. Ukichota kwenye kundi dogo bila kurudisha ulichochota, uwezekano unabadilika kila mchoto, na hapo ni haipajiometri. Mtu aliyeelewa hivyo halazimiki kubahatisha jina la mtawanyo kwenye mtihani, maana swali lenyewe litamwonyesha ni sharti lipi limevunjwa.

Poisson nayo, mtawanyo wa kuhesabu matukio adimu, nashauri uisome kwa data za mtakwimu Ladislaus von Bortkiewicz za mwaka 1898, na uzifanyie hesabu kwa mkono wako. Alichukua kumbukumbu za jeshi la Prussia za askari waliokufa kwa kupigwa mateke na farasi: vikosi vikubwa 10 kwa miaka 20, yaani rekodi 200. Katika rekodi 109 hakufa mtu. Katika 65 alikufa mmoja, katika 22 wawili, katika 3 watatu, na mara moja tu walikufa wanne. Jumla ni vifo 122, kwa hiyo wastani ni 0.61. Sasa weka 0.61 kwenye fomula ya Poisson, zidisha kwa 200, upate idadi inayotarajiwa: 108.7, kisha 66.3, kisha 20.2, kisha 4.1, kisha 0.6. Linganisha na zile halisi. Halafu tafuta variansi ya data hizo. Utapata karibu 0.61 tena, sawa na wastani, kama Poisson inavyodai. Nawaambia wanafunzi wangu wasilipite zoezi hili kwa sababu linaonyesha fomula na dunia zikikutana: matukio adimu, nafasi nyingi za kutokea, na kila moja likijitegemea.

Nikija kwenye alama zinazopotea bure, nyingi zinapotelea kwenye mipaka ya kigeu, yaani thamani ambazo namba unayoichunguza inaweza kuchukua. Mwanafunzi anaandika fomula ya msongamano (inayoonyesha uwezekano umejikusanya wapi) vizuri kabisa, ila haandiki kwamba inafanya kazi pale x ilipo kati ya 0 na θ (theta, namba isiyojulikana) tu, na kwingineko ni sifuri. Anaona ni pambo, kumbe nusu ya swali iko hapo.

Chukua mfano ambao haukosekani kwenye kozi hii. Una sampuli ya namba n kutoka mtawanyo sare kati ya 0 na θ, ambamo kila sehemu ina nafasi sawa, na θ huijui. Umeambiwa uikadirie kwa njia ya laiklihudi kubwa kabisa, ile inayopima kila thamani ya θ inaendana kiasi gani na data ulizopata. Laiklihudi ni 1 gawanya kwa θ kipeo n. Mwenye mazoea atakimbilia kudiferenshieti na kulinganisha na sifuri. Hatafika popote, maana derivativu hiyo haiwi sifuri kamwe. Fanksheni inashuka tu kadiri θ inavyokua, kwa hiyo unataka θ ndogo iwezekanavyo. Lakini haiwezi kuwa ndogo kuliko namba kubwa kuliko zote uliyoiona, kwa sababu data haiwezi kuvuka θ. Jibu ni hiyo namba kubwa kuliko zote. Halikutoka kwenye kalkulasi, limetoka kwenye mipaka.

Wazo hilihili lilifanya kazi vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanatakwimu wa upande wa Washirika walikadiria Ujerumani inatengeneza vifaru vingapi kwa kutumia namba za mfululizo za kiwandani zilizokuwa kwenye vifaru vilivyotekwa. Kwa mwezi Agosti 1942 makadirio yao yalikuwa 327, wakati wapelelezi walisema 1,550. Vita vilipokwisha, nyaraka za Wajerumani zikaonyesha 342.

Sasa tunafika kwenye kivuko ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike. Nusu ya kwanza ya kozi inahusu vigeu nasibu, yaani namba zinazotegemea bahati, ya pili inahusu makadirio na upimaji wa nadharia tete, yaani madai yanayopimwa kwa data, na katikati wengi wanadhani somo limebadilika. Halijabadilika. Kadirio lako nalo ni kigeu nasibu, lina mtawanyo wake, wastani wake na variansi yake. Ukilishika hili, nusu ya pili inakuwa mazoezi ya nusu ya kwanza. Rudi kwenye namba kubwa kuliko zote. Uwezekano kwamba haizidi x ni uwezekano kwamba namba zote n hazizidi x, yaani x gawanya kwa θ, kipeo n. Diferenshieti upate msongamano, tafuta wastani, utapata n gawanya kwa n+1, mara θ. Kwa sampuli ya namba 4, kadirio lako kwa wastani litafika asilimia 80 tu ya ukweli. Lizidishe kwa 5/4 na upendeleo, yaani tabia ya kukosea upande mmoja kwa wastani, umeondoka.

Kama una kompyuta yenye programu ya R, ambayo ni ya bure, usiishie kuamini. Andika mean(replicate(10000, max(runif(4, 0, 10)))) na utapata namba iliyo karibu sana na 8. Kisha linganisha makadirio mawili ya θ: namba kubwa mara 5/4, na wastani wa sampuli mara 2. Yote mawili hayana upendeleo. Lakini θ ikiwa 10 na sampuli ikiwa ya namba 4, variansi ya la kwanza ni 4.17 na ya la pili ni 8.33, maradufu kamili. Ukiyaona kwenye histogramu, moja limejikusanya na jingine limetapanyika, ndipo neno "ufanisi" la kwenye mhadhara linapoanza kuwa na uzito.

William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alifanya jambo la namna hiyo bila kompyuta. Alikuwa na shida ya sampuli ndogo. Akachukua vipimo vya urefu wa mwili na wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa katika sampuli 750 za kadi nne nne, kisha akalinganisha matokeo na mtawanyo alioupata kwa hesabu. Ndio huo tunaouita t, uliochapishwa mwaka 1908 kwa jina la Student. Ukimfuata Gosset hutasahau kwa nini t ina mikia minene kuliko mtawanyo wa kawaida, ule wa umbo la kengele: umeweka mkengeuko (kipeuo cha pili cha variansi) wa sampuli mahali pa ule wa kweli, na wa sampuli nao unayumba.

Hapo hapo nirekebishe kauli ninayoisikia kila mwaka, kwamba sampuli ikizidi 30 data inakuwa ya mtawanyo wa kawaida. Data haibadiliki. Mapato ya watu yaliyoegemea upande mmoja yatabaki yameegemea hata ukiuliza watu milioni. Kinachokaribia umbo la kengele ni mtawanyo wa wastani wa sampuli, na hiyo 30 ni mazoea tu. Data zikiwa zimeegemea sana, 30 haitoshi, na zikiwa na ulinganifu, kumi zinaweza kutosha.

Kuhusu mazoezi, diskasheni ni nzuri ila ije baada ya kuhangaika na swali peke yako. Ukikutana na wenzako kabla hujalishika, utatoka umeelewa jibu la mwenzako, na kwenye mtihani yeye hayupo. Kwa mitihani ya zamani, mwambie rafiki akunakilie maswali bila majina ya mitawanyo, wewe uandike kwanza kigeu ni kipi, mipaka yake ni ipi, sharti gani limetimia, ndipo uguse fomula.

Na wale wanaoogopa integrali: nyingi za kozi hii hazihitaji kuintigretiwa. Zinahitaji kutambuliwa. Ukipewa integrali ya x kipeo 3 mara e kipeo hasi 2x, kutoka sifuri hadi isiyo na mwisho, kuna atakayeintigreti kwa sehemu mara tatu na kujaza ukurasa. Wewe angalia umbo: huo ni mtawanyo wa gama wenye parameta 4 na 2, umekosa tu namba ya mbele, ambayo ni 16 gawanya kwa 6. Msongamano mzima unajumlisha kuwa 1, kwa hiyo jibu ni 6 gawanya kwa 16, yaani 3/8. Mstari mmoja. Jizoeze hivyo kwa gama, beta na ule wa kawaida kuanzia wiki za mwanzo, kabla hamjafika kwenye fanksheni zinazozalisha momenti (zinazokupa wastani, variansi na vipimo vya namna hiyo), kwa sababu kule kila swali litakudai ujuzi huo.