Barua kwa mwanangu: ile nyongo ya mama'ako mdogo haikuwa nyongo

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sauti uliyonirikodia nimeisikiliza mara mbili. Ya kwanza niliifungua jikoni, wajukuu wamenizunguka, ikabidi niizime haraka. Ya pili nilijifungia chumbani. Umeniuliza mambo matatu: ukinyonywa mafuta ya tumbo utaumwa kiasi gani, utakaa siku ngapi kabla ya kurudi benki, na tumbo litarudi kweli kama lilivyokuwa kabla ya hawa watoto watatu. Ukamalizia kwa kuninong'oneza nisimwambie baba'ako.

Nakujibu kwa kuandika kwa sababu nyumba hii haina siri ya mdomo. Na kwanza nikutolee moja kifuani. Unakumbuka mwaka ule nilipokwenda Muscat kumuuguza mama'ako mdogo, tukawaambia nyote katolewa nyongo? Nyongo yake ipo salama pale ilipo. Alinyonywa mafuta ya tumbo na ya mbavuni, hizo mnazoziita nyama uzembe. Nimempigia jana, kanipa ruhusa nikueleze, ila kasema dada zako wasijue. Kwa hiyo ninayokwambia sikuyapata chumba cha upasuaji nilikofanya kazi. Huko sisi tulishughulika na uzazi, ngiri na vidole tumbo. Nimeyapata kwa kusoma, na kwa wiki tatu za kumfulia, kumlisha na kumwinua yule mdogo wangu.

Naanza na suali lako la mwisho, maana ndilo la kwanza. Hujui bado kama hilo ulilonalo ni mafuta. Usiku, ukishalaza watoto, lala chali, kunja magoti, weka ncha za vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa kama unayetaka kutazama miguu. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati kama kwenye mfereji, basi misuli ya tumbo iliachana wakati wa mimba na haijakutana tena. Mrija wa kunyonya mafuta hauunganishi misuli. Halafu finya ngozi. Kinachokuja mkononi kinene ndicho mafuta ya chini ya ngozi, na hayo ndiyo yanayonyonyeka. Ukipata ngozi tupu iliyolegea kama puto lililotolewa upepo, ukinyonya mafuta yake italegea zaidi. Na kama tumbo ni gumu, limetoka mbele kama la ami yako, yale mafuta yamekaa ndani, yamezunguka utumbo, na hakuna daktari mwenye akili anayeingiza mrija huko. Misuli na ngozi zina upasuaji wake mwengine wa kukata na kushona, mkubwa kuliko huu. Kipimo chako cha kitandani si cha mwisho, lakini ukifika kwa daktari hutakuwa mtu wa kuambiwa lolote ukaitikia.

Kupungua uzito nako usikutarajie. Lita moja ya mafuta haifiki hata kilo. Madaktari wengi huishia kama lita 5 kwa mara moja, na kwa wengi hutoka chini ya hapo. Mama'ako mdogo alipopanda mizani siku ya tatu alikuta kaongezeka, akalia. Yalikuwa maji aliyotiwa na uvimbe. Wala usidhani utajikinga na sukari iliyomuondoa bibi'ako. Mwaka 2004 Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 15 wanene waliotolewa kama kilo 10 za mafuta kila mmoja. Baada ya wiki 10 hadi 12 walipimwa tena, na sukari, presha na mafuta ya damu havikuwa vimepata nafuu. Ukipunguza kilo hizo kwa chakula na mwendo ungeona tofauti. Kinachobadilika hapa ni umbo. Kama shida yako ni uzito, sema uzito. Hospitali ya Mloganzila hapo kwenu Dar wana huduma za uzito, hata puto la kuwekwa tumboni mtu ale kidogo, mbali na upasuaji wa umbo.

Na kama bado mnataka wa nne, subiri umzae kwanza. Mimba haijui kama tumbo limelipiwa.

Upasuaji wenyewe ni mfupi, ndiyo maana watu huuchukulia mchezo. Utapimwa damu, mimba, sukari, presha. Utasimamishwa wima uchorwe kwa kalamu, maana ukilala mafuta hukimbia pahala pake. Kisha unalazwa, ama kwa ganzi ama kwa nusu kaputi, na unatiwa maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na adrenalini mpaka ngozi inavimba na kuwa nyeupe. Adrenalini inabana mishipa. Mfaransa Yves-Gérard Illouz aliyeueneza upasuaji huu mwishoni mwa miaka ya 1970 hakuwa na njia hiyo kamili, na wagonjwa wa zamani wakipoteza damu nyingi. Ni Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, aliyeichapisha mwaka 1987. Baada ya hapo hukatwa vitundu vidogo, kila kimoja chini ya sentimita moja, na mrija wa chuma husukumwa mbele na nyuma chini ya ngozi. Kwa nguvu, mwanangu. Daktari hutoka jasho. Kwa nje utaona vitundu viwili vitatu, kwa ndani pote pamechimbwa kama shamba la muhogo, na ndiyo sababu ya maumivu.

Usiku wa kwanza mama'ako mdogo hakuumwa sana. Ganzi ilikuwepo bado. Alikuwa akivuja. Yale maji yote aliyotiwa hutafuta njia ya kutoka, yakiwa mekundu mekundu, na usipoambiwa mapema utadhani unatokwa na damu yote mwilini. Nilitandika mpira na kanga za zamani nne, nikabadilisha mara tatu kabla ya alfajiri. Yaliendelea siku mbili, yakakoma.

Siku ya pili na ya tatu ndiyo yenyewe. Si uchungu wa kukatwa. Alisema ni kama mtu aliyetwanga siku nzima kisha akaangushwa kutoka juu ya mkarafuu. Kukohoa, kucheka, kujigeuza, vyote taabu. Hata hivyo nilimwinua akatembea, chumbani hadi varandani, kila baada ya saa moja au mbili alipokuwa macho. Hilo usilikwepe hata ukinichukia, maana damu ya mtu aliyelala huganda miguuni, na tonge la damu iliyoganda likipanda mapafuni huua mtu aliyekuwa akizungumza dakika tano nyuma.

Kuna jambo madaktari wanaona haya kulisema, na mimi ni mama yako. Uvimbe na damu iliyovilia hushuka. Siku ya nne huko chini kwake kulivimba na kuwa rangi ya zambarau, akaniita akilia kuwa kaharibiwa. Hakuharibiwa. Maji hufuata mteremko tu, na baada ya wiki moja hivi palirudi kama pa siku zote. Mavilio ya ngozi hukaa wiki mbili, pengine tatu.

Kisha ile nguo ya kubana. Hiyo utavaa usiku na mchana, wiki 4 mpaka 6, kadiri daktari atakavyosema. Ifikirie kama mkaja niliokufunga ulipomzaa kifungua mimba wako, ukanung'unika siku arobaini nzima; hii haina fundo la kulegeza. Nunua mbili, moja ikifuliwa nyengine iko mwilini. Siku utakayoivua mara ya kwanza kuoga, usisimame peke yako. Mwili uliobanwa ukiachiwa ghafla hutia kizunguzungu. Mama'ako mdogo alinidondokea mikononi pale pale bafuni. Kaa juu ya kigoda kwanza, ivue polepole, mtu awepo. Juu yake vaa madira, mapana. Sala utasali umekaa mpaka uweze. Kama jambo lenyewe linafaa kidini, muulize sheikhe. Mimi ni nesi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu najua utazungukwa na watu wa kwetu. Asikukande mtu. Shangazi zako watakuja na maji ya moto na matambaa, wakidhani tumbo lililovimba ni tumbo la uzazi. Ngozi iliyonyonywa hupoteza hisia kwa wiki, hata miezi. Maji ya moto yatakubabua na wewe husikii. Chupa ya maji moto pia hapana. Singo na liwa za kujisugua visikaribie vidonda mpaka vifunge kabisa. Kuna kukanda kwa aina nyengine, kwa mkono mwepesi, kunakosaidia uvimbe, lakini afanye aliyesomea na kwa siku aliyoitaja daktari.

Wiki ya tatu utapapasa tumbo ukute mabonge magumu, pengine na muwasho. Mengi ni kovu la ndani, hulainika kwa miezi. Ila mama'ako mdogo alipata mfuko wa maji upande wa kulia, ukitikisika kama dafu. Akaenda, ukafyonzwa kwa sindano mara mbili, ukaisha. Kwa kazi yako ya kukaa, jipe siku 10, hata 14 kama utapanda daladala. Kubeba mtoto mgongoni na mazoezi ya nguvu ni baada ya wiki 4 hadi 6. Umbo lenyewe husubiri uvimbe uondoke, miezi mitatu mpaka sita. Katikati ya hapo utakuwa mnene kuliko ulivyoingia, na utajuta. Yeye alijuta siku kama kumi mfululizo. Leo ukimuuliza kama angerudia, anacheka, hajibu. Tumbo lake ni zuri, sikatai, ila pale karibu na kitovu pana shimo dogo ambalo halikuwepo.

Yanayokutoa nyumbani usiku bila kungoja asubuhi ni haya: mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kubana, kifua kuchoma, kuchanganyikiwa, homa, kidonda kunuka, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Tumbo likiwa gumu na unatapika, pia, maana mrija umewahi kutoboa utumbo wa watu. Na katika siku ya kwanza, ukihisi ganzi mdomoni, masikio yanavuma, ulimi una ladha ya chuma, ni dawa ya ganzi imezidi damuni. Inaweza kuja saa nyingi baada ya kutoka kitandani kwa daktari.

Kabla ya yote mwambie daktari kila unachokunywa. Aspirini, diklofenaki, dawa za mitishamba, na hivyo vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vidonge huongeza kuganda kwa damu. Shisha usinidanganye kuwa huvuti. Iache mwezi mzima kabla. Na muulize yeye mwenyewe: amesomea upasuaji wa kurekebisha maumbo? Jina lake limo Baraza la Madaktari Tanganyika? Nani anatia nusu kaputi, na mgonjwa akizidiwa anapelekwa wapi? Akikasirika kwa masuali hayo, chukua mkoba wako. Saluni zinazochoma sindano za kuyeyusha mafuta usizikanyage.

Umeniambia wamekupa bei nafuu wakichukua mafuta ya tumbo wakuwekee makalioni. Hilo nalikataa waziwazi. Huko nyuma kuna mishipa mikubwa ya damu, na mafuta yakiingia humo hukimbilia moyoni na mapafuni. Madaktari wenyewe wa upasuaji wa urembo, walipokusanya hesabu zao mwaka 2017, walikadiria kifo kimoja katika upasuaji 3,000 hivi wa namna hiyo, na wakashtuka kwa jinsi idadi ilivyokuwa kubwa. Tangu hapo wameambizana wasiingize mafuta ndani ya msuli. Huyo aliyekupa bei ya jumla, unajua anapiga sindano wapi? Na makalio umerithi ya kwangu, sijasikia mtu akiyalalamikia.

Tumbo ni lako, pesa ni zako, sikukatazi. Nenda ukapimwe, uambiwe ni misuli, ngozi au mafuta, kisha unipigie. Mumeo lazima ajue, kwani saa nane ya usiku ukikosa pumzi ndiye atakayekuwa kitandani, si mimi. Isiwe karibu na Ramadhani, utahitaji kunywa maji mchana kutwa. Na usipange kupanda ndege wiki zile za mwanzo kwa ajili ya harusi ya mtu yeyote.

Tarehe unitajie mapema. Nitashuka Mkoani nichukue boti ya Unguja, nilale kwa ami yako, kesho yake nivuke Dar, niwe nawe siku mbili kabla. Nitakuja na madira mawili makubwa, mpira wa kutandika na kanga kuukuu za kutosha. Baba'ako sitomwambia, kama ulivyotaka. Lakini nikiaga atauliza mtoto anaumwa nini, basi lifikirie la kumwambia, maana nyongo tumeshaitumia.

Wasalaam,
Mama'ako