Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi, Tazama Kwanza Michango Yako ya NSSF

Mfanyakazi wa sekta binafsi nchini Tanzania anayeacha kazi kwa hiari yake hana dirisha la kwenda kuchukua michango yake yote baada ya kuondoka, na wengi hulifahamu jambo hili wakiwa wamesharudisha kitambulisho cha kazi na kuagana na wenzao. Mwajiri mkorofi huwa ananufaika na kutofahamu huko. Humwambia mtu kwamba "mafao yako yako kwetu, tutakuita," naye hukaa miezi mingi akibembeleza ofisi ambayo kimsingi haina fedha hizo wala mamlaka ya kuzilipa. Niliwahi kufanya kazi katika kampuni ya namna hiyo jijini Dar es Salaam, na nilipoamua kuondoka nilijifunza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ugomvi wangu na mwajiri, na haki yangu mbele ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF.

Sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na historia. Kwa miaka mingi mwanachama aliyeacha kazi aliweza kuomba fao la kujitoa na kulipwa michango yake kwa mkupuo, hata kama alikuwa kijana wa miaka 30. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyoliondoa fao hilo, wafanyakazi wakapinga kwa nguvu, hasa wale wa migodini, na Serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018, kwa sheria ile ile iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na kuiachia NSSF wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri, fao la kujitoa lilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na fao la upotevu wa ajira. Hata hivyo, kwenye daladala na kwenye vikao vya harusi utamsikia mtu akimshauri mwenzake "nenda kajitoe," kana kwamba sheria bado ni ile ya zamani.

Fao la upotevu wa ajira lina masharti yake. Mwanachama awe amechangia si chini ya miezi 18, awe na umri chini ya miaka 55, awe hana ajira nyingine, na, hili ndilo linalowakwaza wengi, asiwe ameacha kazi kwa hiari. Anayekidhi masharti hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyepoteza kazi kabla ya kufikisha miezi 18 ya uchangiaji hulipwa mkupuo wa nusu ya michango yake.

Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa shilingi 900,000 aliyechangia kwa miaka mitano kamili. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, kwa hiyo kila mwezi ziliingia shilingi 180,000, na kwa miezi 60 zimefika shilingi 10,800,000. Akipunguzwa kazi, atalipwa chini kidogo ya shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 1,800,000 kwa miezi yote sita. Zaidi ya hapo, mwajiri atamlipa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, ambacho kwake ni siku 35. Akiandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, fao hilo halipati, wala kiinua mgongo hicho si haki yake kisheria. Michango yake haipotei, bali inabaki kwenye Mfuko ikisubiri ajira nyingine au umri wa kustaafu. Mwenzangu wa idara ya jirani alikuwa na manung'uniko kama yangu, lakini hakujiuzulu. Alivumilia hadi kampuni ilipopunguza wafanyakazi, akaondoka na barua ya kupunguzwa kazi mkononi, na hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango ambao kwangu ulikuwa umefungwa. Simwambii mtu avumilie manyanyaso kwa ajili ya miezi sita ya theluthi ya mshahara, lakini mwenye familia na asiye na kazi nyingine mbele yake anapaswa kuipiga hesabu hiyo kabla ya kuchukua kalamu.

Ipo hali moja ambayo kujiuzulu hakuhesabiwi kuwa hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, kisheria ameachishwa. Kanuni za mwaka 2007 zinaitaja mifano, kama vile unyanyasaji wa kingono kazini, na zinataka mfanyakazi awe ametumia kwanza njia za ndani za kuwasilisha malalamiko, isipokuwa kama ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Maana yake ni kwamba barua za malalamiko zilizoandikwa kabla ya kujiuzulu zina uzito mkubwa kuliko maelezo matamu yatakayotolewa baadaye, na kwamba barua ya kujiuzulu yenyewe inapaswa kuitaja sababu hiyo waziwazi. Anayeandika "naacha kazi kwa sababu binafsi, nawashukuru kwa ushirikiano" kwa kuogopa kumuudhi bosi, kisha akaenda kudai kwamba alilazimishwa, amempa mwajiri ushahidi wa kumpinga. Dai la namna hii linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Mimi sikulitumia, kwa kuwa nilikuwa nimepata nafasi kwingine na kudai vinginevyo kungekuwa uongo.

Lililonihusu zaidi ni michango ambayo haikufika. Kabla ya kutoa notisi nilichukua taarifa yangu ya michango kutoka NSSF na kuilinganisha na hati zangu za mshahara, mwezi kwa mwezi. Katika hati zote makato yalikuwepo, lakini katika taarifa ya Mfuko kulikuwa na mapengo, na mapengo hayo yaliangukia vipindi vile vile ambavyo mishahara ilikuwa ikichelewa. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo kazi muhimu kuliko zote, na inafanywa vizuri zaidi ukiwa bado kazini. Ukiwa ndani unaweza kuomba nakala za hati za mshahara, na mhasibu anayekufahamu atakupa bila maneno. Ukishatoka nje, hata mlinzi wa getini huanza kukuuliza una miadi na nani.

Mwajiri anapaswa kuwasilisha michango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kumalizika, na asiyefanya hivyo hutozwa adhabu juu ya deni lenyewe. Deni hilo ni la Mfuko, na Mfuko una wakaguzi wenye mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri na unaweza kumfikisha mahakamani. Kwa hiyo sikupoteza muda kubishana na afisa utumishi. Niliandika barua kwa meneja wa ofisi ya NSSF inayoihudumia kampuni ile, nikaambatanisha nakala za hati za mshahara za miezi yenye mapengo, mkataba wa ajira na taarifa ya michango niliyoichorea mstari chini ya kila mwezi uliokosekana, nikaomba nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Haikuwa kazi ya haraka, na nilirudi kuulizia mara kadhaa, lakini malalamiko yenye vielelezo yana mahali pa kuanzia, wakati malalamiko ya mdomo humwacha mkaguzi akitafuta hata jina la kampuni. Miezi ile iliingia kidogo kidogo, kampuni ilipolazimika kulipa.

Kuhusu barua ya kuacha kazi, anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kisheria kutoa notisi ya siku 28 au zaidi, na mkataba unaweza kudai kipindi kirefu zaidi. Usiondoke ghafla hata kama umechoka, kwa sababu mwajiri mgumu anachosubiri ni kosa lako, ili akukate mshahara wa kipindi cha notisi na kuandika kwamba ulitoroka kazini, maneno ambayo yataendelea kukusumbua popote utakapoomba rekodi yako. Katika ofisi yetu masjala ilikataa kugonga mhuri kwenye nakala yangu, ikisema bosi hayupo. Niliituma barua ile ile kwa EMS ya Shirika la Posta, nikaituma tena kwa baruapepe kwa afisa utumishi na kwa meneja, nikahifadhi stakabadhi. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuipata.

Cheti cha utumishi nacho si hisani. Kifungu cha 44 cha sheria niliyoitaja kinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, pamoja na kulipa mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi na malipo ya likizo ambayo haikuchukuliwa. Niliambiwa kwamba nitakipata nikikubali kusaini karatasi inayosema sidai chochote. Karatasi hiyo usiisaini wakati mapengo ya michango bado yapo, hata ukiahidiwa kwamba ni utaratibu tu wa ofisi. Kwa madai ya aina hii muda wa kwenda CMA ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, hakuna ada ya kufungua shauri, na hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambapo mnakaa mezani mbele ya msuluhishi bila ulazima wa kuwa na wakili. Mwajiri wangu, ambaye kwa simu alikuwa hapatikani, alimtuma mwakilishi mara tu alipopata wito, na cheti kilitolewa katika hatua hiyo ya usuluhishi. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu za kuchelewa, na "nilikuwa nazungushwa na ofisi" si sababu inayokubaliwa kirahisi.

Baada ya hapo kinachobaki ni kuifuatilia akaunti yenyewe. Pensheni ya uzeeni inahitaji miezi 180 ya uchangiaji, na umri wa kustaafu ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Anayefika umri huo bila miezi 180 hulipwa mkupuo maalumu badala ya pensheni ya kila mwezi, na ndiyo maana mtu aliyebakiza miaka michache kutimiza idadi hiyo hapaswi kuacha miezi ipite bure. Anaweza kuendelea kuchangia NSSF kama aliyejiajiri, na akiingia katika utumishi wa umma vipindi vyake vya NSSF na PSSSF vitajumuishwa. Kwa mwajiri mpya peleka namba yako ile ile ya uanachama, usikubali kuandikishwa upya kwa sababu tu fomu zipo mezani, maana kuunganisha akaunti mbili huleta usumbufu mwingine. Mchango wa Januari mwajiri ana hadi mwisho wa Februari kuuwasilisha, hivyo ukianza kazi mwanzoni mwa mwaka, Machi unaweza kufungua taarifa yako, na usipouona mchango huo, kuuliza bila kuonekana msumbufu.