Treni inasimama gizani kwa nini? Maswali yenu kuhusu signali za sabwei ya New York

Maswali ya sabwei, yaani treni za chini ya ardhi, yamejaa, wengine mko huku huku New York, wengine mnauliza kutoka nyumbani. Leo nachukua ya signali tu, manake ndo kiini cha shida yote.

Nakaa Bronx. Kwa nini treni inasimama katikati ya handaki, wanatangaza kuna treni mbele, na mbele hatuoni kitu?

Treni mbele ipo kweli, ila mtambo haujui iko wapi hasa. Reli imegawanywa vipande vipande na kila kipande kina umeme mdogo unaopita ndani yake, treni ikikanyaga kipande magurudumu yanauchepusha ule umeme, swichi inaachia, taa ya nyuma yake inawaka nyekundu. Basi, hapo ndo mwisho wa akili yake. Ni kama bafu la nyumba ya kupanga, mlango ukifungwa unajua kuna mtu ndani lakini hujui ndo kwanza anajimwagia au anamalizia. Kwa hiyo inabidi waache nafasi kubwa kati ya treni na treni kuliko inayohitajika, na asubuhi watu wakiwa wengi hizo nafasi ndo zinawachelewesha kazini.

Sabwei ilifunguliwa 1904 na kimsingi namna hii ya kufanya kazi ni ya zama hizo. Kuna vifaa vimefungwa miaka ya 1930 na mpaka leo vinapiga kazi, kuna nyaya zimevikwa kitambaa badala ya plastiki, kipuri kikifa hakuna kiwanda cha kuagiza, mafundi wa MTA, shirika la usafiri la New York, wanakikarabati wenyewe kwenye karakana zao. Hao mafundi nawaheshimu sana jamani, watu wanawalaumu asubuhi na wao wamekesha kule chini.

Sasa huo mfumo wa kizee si hatari?

Hapana, na hili naomba lieleweke. Ulitengenezwa hivi: waya ukikatika au umeme ukipotea, taa inakuwa nyekundu yenyewe. Na pembeni ya reli kuna mkono wa chuma unaonyanyuka taa ikiwa nyekundu, treni ikipita kwa nguvu ule mkono unagonga breki ya dharura. Hitilafu inakuchelewesha, haikuui.

Lakini mwaka 1995, kwenye daraja la Williamsburg, treni ilipita taa nyekundu ikagonga nyingine kwa nyuma na dereva akafa. Breki zilishika, ila umbali haukutosha, kwa sababu zile taa zilipangwa 1918, enzi treni ni fupi, nyepesi, na haziendi kasi vile. Baada ya hapo wakafunga vipima muda sehemu nyingi, ukija kwa kasi taa haikuachii upite. Ndo maana kuna sehemu treni inatambaa hata kama mbele ni peupe kabisa. Baadaye, Andy Byford alipokuwa bosi wa New York City Transit, tawi la MTA linaloendesha sabwei, timu yake ikapita kukagua vile vipima ikakuta vingine vinapima vibaya, dereva anaenda mwendo halali na bado vinamzuia, madereva wakawa wanaogopa wanapunguza zaidi na zaidi. Wakavirekebisha, na sehemu kadhaa wakapandisha mwendo ulioruhusiwa. Mimi hii kazi naipenda kuliko uzinduzi wowote wa kukata utepe, haikuhitaji kubomoa kitu.

Huo mfumo mpya wa signali, CBTC, unafanyaje kazi?

Treni yenyewe inasema kwa redio muda wote, niko hapa, naenda kasi hii. Kompyuta inaziambia za nyuma zisogee mpaka wapi, kwa hiyo zinakaribiana bila wasiwasi, na dereva akitaka kupitiliza mwendo mtambo unamzuia. 1991 pale Union Square dereva mlevi aliendesha kwa kasi mno treni ikaacha reli, watu 5 wakafa, na ajali ile ilisukuma sana hoja ya kubadilisha. Laini ya L ilikamilika kufungwa mfumo huu 2009, ya 7 ikafuata 2018, na kipande cha Queens Boulevard 2022. London, laini ya Victoria ina mfumo wa jamii hiyo hiyo na saa za msongamano inapitisha treni 36 kwa saa, yaani kila sekunde 100 treni. Na hapana, New York dereva na kondakta bado wapo.

Wanunue treni mpya tu si yaishe?

Haitaisha. Treni za R211 zilizoanza kazi 2023 ni nzuri, zina vifaa vya CBTC tayari, lakini zikipita kwenye signali za kizee zinasimama gizani vile vile.

Mbona inachukua miaka yote hiyo, mkataba wa CBTC wa laini ya L si wa 1999?

Sabwei hii hailali, masaa 24. Mafundi wanapata usiku na wikendi tu, huku ule wa zamani lazima uendelee kufanya kazi mpaka mpya uthibitishwe. Halafu L na 7 ndo zilikuwa rahisi, kila moja iko peke yake. Nyingine zinachangia reli, ukigusa laini moja umegusa tatu, na treni zote zinazopita pale lazima zifungwe vifaa. Byford alitaka laini kubwa 5 ziishe ndani ya miaka 5, nyingine zifuate ndani ya 10, akaondoka Februari 2020, korona ikaingia.

Kwa maoni yangu wafunge laini kabisa kwa wiki kadhaa kama walivyofanya kwa vipande vya laini ya G kiangazi cha 2024, kuliko kutesa watu kila wikendi miaka kumi.

Ile dola 9 ya kuingia katikati ya Manhattan na gari inaenda wapi?

Ilianza Januari 2025, na sehemu ya hela ni ya signali, ikiwemo za A na C kule Brooklyn na Queens.

Niko Dodoma. SGR yetu je?

Hiyo haikurithi taa za 1930, imejengwa na mfumo wa redio toka mwanzo, unaitwa ETCS. Ila programu na vipuri navyo vinazeeka, kwa hiyo bajeti ya matengenezo idaiwe kuanzia sasa hivi, sio baada ya miaka 40.

Nafanya kazi usiku wikendi, laini yangu inafungwa, nifanyeje?

Ijumaa mchana angalia ratiba ya wikendi kwenye tovuti ya MTA. Mabasi ya kufidia treni hayalipiwi, ila yanakwama kwenye foleni, hivyo toka mapema, au tafuta laini nyingine iliyo karibu uiendee kwa miguu.